Umekula Nini?

Kidole gumba cha mguu wangu wa kulia kinauma, hakikujikwaa popote, na hapa Sibwesa hukumu imeshatoka: nimekula sana nyama huko chuoni. Ni jongo, wanasema, ugonjwa wa wenye nazo. (Mwanafunzi wa uzamili anayekula nyama kila siku simjui, lakini tuendelee.)

Kwa nini maumivu yasiyo na maelezo tunayatafutia kosa kabla ya chanzo? Si sisi tu. Thomas Sydenham, daktari Mwingereza aliyeugua jongo miaka mingi, aliandika mwaka 1683 kwamba linaua matajiri wengi kuliko maskini, na wenye hekima kuliko wajinga. Mgonjwa akiwa ndiye hakimu, hujipunguzia kifungo.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika, mboga ya asiye na kitu, wana purini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya yuriki. Dagaa hawashtakiwi. Na takribani theluthi mbili ya asidi hiyo hutolewa na figo; zikiwa nzito kuitoa, mara nyingi ni kwa kurithi. Hapo tumshtaki nani, marehemu babu?

Bibi yangu hakuuliza nimekula nini. Aliuliza, "Kiatu kinaingia, mjukuu wangu?"

Nitakwenda Mpanda kupima, ingawa damu huweza kuonyesha asidi ya kawaida hata wakati kidole kinawaka moto. Uthibitisho ni fuwele zenyewe, zivutwe kwa sindano kutoka kwenye kiungo, zitazamwe kwa hadubini. Majirani hawana hadubini. Wanaikumbuka harusi ya mwezi uliopita, na sahani niliyoshika.