Nani Anasoma Meseji za Shosho?

Nikiwa darasa la sita, mimi ndiye niliyekuwa macho ya shosho. Simu ikiita meseji, ananipa, nasoma, anafikiria kidogo, kisha ananiambia cha kujibu. Nilijiona mtu wa maana sana.

Siku moja anko aliandika kutoka Nairobi kwamba ameachishwa kazi, hivyo hatatuma pesa mwezi huo. Nilimwangalia shosho akichambua mboga, nikaona nisimharibie siku. Nikasema, "Anakusalimia, anasema uko kwa maombi yake."

Shosho akaenda dukani, akachukua unga na sukari kwa deni, akijua pesa ziko njiani. Hazikufika. Alipojua ukweli hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na zile meseji zingine ulizonisomea, zilisema ulichosema?"

Sikuwa nimemdanganya tena, lakini angejuaje? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anayekusomea amekushika mahali. Anaweza kupunguza, kuongeza, kuficha, hata kwa nia njema. Mimi nilificha kwa sababu nilimpenda. Kuna wanaoficha kwa sababu wanataka shamba.

Utasema: si sisi sote hutegemeana? Mimi sijui kutengeneza gari, namwachia fundi. Kweli. Lakini fundi hajui siri zangu, na nikimshuku naenda kwa mwingine. Asiyesoma hutoa namba yake ya siri kwa kijana wa dukani, majibu yake ya hospitali kwa jirani, na kidole gumba kwenye fomu ya mkopo ambayo ameisikia tu kwa mdomo wa mtu. Simu za siku hizi zinaweza kusoma kwa sauti, sawa, lakini jaribu kusikiliza mambo yako ya ndani kwa sauti ukiwa kwenye matatu.

Mzee Kimani Maruge alilijua hili. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa amevaa sare na soksi ndefu kama watoto wengine. Moja ya sababu zake ilikuwa kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Tulimpigia makofi, filamu ikatengenezwa. Lakini mtaani bado tunamwita mtu "ngumbaru" tukitaka kumtusi, na ngumbaru ni lile lile darasa la watu wazima.

Serikali imejaribu. Mwaka 1979 ilianzisha kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kutosoma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 ulikuta bado asilimia 38.5 ya watu wazima hawajafikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Mwalimu na ubao havitoshi. Mama mboga hawezi kwenda darasani saa tisa kama hakuna wa kumshikia kibanda. Mzee hatarudi wiki ya pili kama vijana kwenye jiwe la mtaa walicheka alipopita na daftari. Hayo mawili, kushika kibanda na kuacha kucheka, hayahitaji bajeti ya mtu yeyote. Yanatuhitaji sisi.

Kwa hivyo nadhani tuna deni. Kumsomea mtu ni wema, lakini ni wema unaompa msomaji nguvu, na watu hawaachi nguvu kirahisi. Wema mkubwa zaidi ni ule unaokufanya usihitajike tena.

Shosho alijiunga na darasa la kanisani, alasiri mbili kwa wiki. Jirani alibaki na ng'ombe wake. Mwingine alimpa miwani ya marehemu mumewe. Kazi yangu ikawa ngumu kuliko zote: kukaa kando yake akihangaika na neno, nisimmalizie.

Ilichukua muda mrefu. Kisha jioni moja simu ikaita meseji. Aliisogeza karibu na taa, midomo ikicheza polepole, akacheka peke yake.

"Ni nani?" nikauliza.

Akaifunga simu, akaitia kwenye mfuko wa aproni.

"Ni yangu," akasema.