Ubongo katika Sahani: Tamathali, Jina na Utu

Swali la iwapo kipande cha tishu kilichokuzwa maabarani kinastahili heshima ya kimaadili aghalabu huachiwa wanabiolojia na wanafalsafa. Makala haya yanadai kwamba swali hilo linawahusu wahakiki wa lugha pia, kwa kuwa sehemu ya jibu lake hutolewa mapema, pale kitu hicho kinapopewa jina.

Mnamo 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kuwa seli za panya zilizokwisha kukomaa zaweza kurejeshwa katika hali ya seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa ngozi, moyo au neva. Mwaka uliofuata alifanya vivyo hivyo kwa seli za binadamu. Mwaka 2013 Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich, wakiwa Vienna, walikuza kutokana na seli shina vitonge vya tishu vyenye upana wa milimita chache, vilivyojipanga vyenyewe kwa namna inayokaribia ubongo wa kijusi. Virusi vya Zika, vilivyotambuliwa kwanza Uganda mwaka 1947, vilipozua maafa Brazil mwaka 2015 na 2016, vitonge kama hivyo vilisaidia kuonyesha jinsi vinavyoshambulia seli changa za ubongo. Manufaa yake, basi, si ya kubuni.

Wanasayansi waliviita oganoidi. Mwisho wa neno hilo, wenye asili ya Kigiriki, humaanisha ‘kinachofanana na’. Jina lenyewe, kwa hiyo, ni tashibihi. Wengine wakapendelea ‘ubongo mdogo’, ambayo ni sitiari. Kila mwanafunzi wa fasihi anafahamu kuwa sitiari hulidondosha neno ‘kama’. Katika ushairi udondoshaji huo ni ufundi. Katika maadili ni hukumu. Asemaye ‘ubongo’ amekwisha kudokeza fikra, maumivu na nafsi, ilhali kitonge hicho hakina mwili wa kukiletea habari za ulimwengu. Asemaye ‘oganoidi’ naye hukiweka mbali mno, hata ikasahaulika kuwa seli zake zilitoka kwa mtu.

Kiswahili nacho humlazimisha msemaji kuchagua upatanisho: ‘kinakua’ au ‘anakua’. Yamkini mtu akadhani kuwa uamuzi huo wa kisarufi unafunga mjadala. Neno moja la kawaida linampinga. Maiti aghalabu huchukua upatanisho wa vitu: ‘imeoshwa’, ‘imezikwa’. Haihisi lolote, lakini hupewa heshima. Anayeitupa jalalani halaumiwi kwa kuiumiza, bali kwa kukosa utu.

Mwaka 2019 watafiti wa San Diego waliripoti katika oganoidi mawimbi ya umeme yaliyofanana kwa kiasi na ya watoto njiti. Mwaka 2022, huko Stanford, oganoidi za binadamu zilizopandikizwa katika ubongo wa panya wachanga ziliitikia sharubu za panya hao zilipoguswa. Kila mara swali lililoulizwa zaidi ni lile lile: je, kinahisi? Ni swali la haki, lakini linaufanya wajibu usubiri sifa za kitu. Dhana ya utu huanzia upande wa pili, humuuliza anayekishika. Seli zilipatikanaje? Mwenyewe aliridhia? Seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa Marekani mwaka 1951 bila ya ridhaa yake, zikatumika kwa miongo mingi. Hakuna aliyedai kuwa seli zile ziliwaza, na hata hivyo dhuluma ilitendeka.

Huenda ikapingwa kwamba heshima pana namna hii itazuia utafiti. La hasha. Hata maiti hupasuliwa na wanafunzi wa udaktari, kwa ridhaa na kwa mipaka. Heshima si katazo. Inayodaiwa ni lugha inayolihifadhi neno ‘kama’ hadi ushahidi utakapoliondoa, na mtafiti asiyesubiri ushahidi huo ndipo atende kiutu.