NAJISI YA MBWA NA HAKI YA MBWA

Kuna neno husemwa sana na ndugu zetu waliofuga mbwa wa kulinda shamba au ghala: "Mimi ni Muislamu, mbwa simgusi." Neno hili lina sura ya ucha Mungu, lakini mara nyingine hufunika dhulma. Mbwa amefungwa mnyororo usiku na mchana, kucha zimemrefuka hata anachechemea, na mwenyewe humpita akienda msikitini kuswali. Basi tujiulize: je, najisi ya mbwa inamwondolea mwenye mbwa dhima ya mbwa?

Kwanza tuyajue maumivu yenyewe. Mbwa anayetembea huzisaga kucha zake kwa mawe na ardhi ngumu. Aliyefungwa hana pa kuzisagia, zikawa ndefu, zikamsukuma vidole hata akakanyaga vibaya. Na ule ukucha wa upande wa ndani, ulio juu ya wayo, haugusi ardhi kabisa; usipokatwa huweza kujipinda ukaingia nyamani. Zaidi ya hayo, kati ya vidole hujificha kupe, miiba na funza. Mnyama hana ulimi wa kukushitaki kwako, lakini yuko Asikiaye.

Ama sheria, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi mbwa ni najisi, na kilichoguswa naye kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. (Imam Malik yeye amemhesabu kuwa tohara.) Lakini wanazuoni wetu wamesema pia kwamba kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami. Kwa hiyo mwenye kushika wayo mkavu kwa mkono mkavu hana la kuosha. Na ukilowa, maji yapo na udongo upo. Hukumu ya najisi imewekwa ili tujue namna ya kujitoharisha kwa ajili ya ibada. Haikuwekwa iwe ruhusa ya kutesa.

Tena sheria ile ile iliyokuruhusu kumfuga kwa kuwinda, kuchunga na kulinda ndiyo iliyokubebesha mzigo wake. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu vya pwani, mwenye wanyama ni wajibu wake kuwalisha na kuwanywesha, na akikataa hulazimishwa. Naye Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliandika kuwa mnyama hugharimiwa hata akiwa mzee au mgonjwa asiye na faida tena. Ukipenda boga, penda na ua lake.

Na nani asiyekijua kisa alichotusimulia Mtume (S.A.W.) cha mtu aliyemwona mbwa akiramba udongo kwa kiu? Alishuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno akapanda, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mbwa yule hakuwa wake. Je, wako wewe, anayekesha ili ulale?

Atasema mtu: "Nitamwajiri mwingine amkate." Vyema, hapana ubaya, lakini dhima ni yako, na asipokuja ni juu yako. Atasema mwingine: "Mbona wako wanaowaremba mbwa na jirani zao wana njaa?" Huo ni ubadhirifu, nasi hatuutetei. Lakini israfu ya mwenzako haihalalishi dhulma yako.

Basi, ndugu yangu, mfungue atembee. Mtazame nyayo. Ukimkata, tumia mkasi mkali na ukate ncha tu, kidogo kidogo, kwani ndani ya ukucha mna mshipa wa damu wenye uchungu, na katika ukucha mweusi hauonekani. Ikitoka damu, bandika unga mkavu ukandamize. Ukucha ukiwa umekwisha kuingia nyamani, mwite bwana mifugo. Kisha jioshe kama ulivyofundishwa, uende ukaswali.

Najisi ya mkononi ina maji na udongo wa kuiondoa. Lakini moyo uliozoea kupita penye maumivu bila ya kugeuka, huo wauosha kwa maji gani?

Wallahu aalam.