Mcheza Kwao Hutuzwa, na Nani?

Mcheza kwao hutuzwa. Methali hii nimeisikia mara nyingi kwenye baraza za Ngamiani, Tanga, kila mazungumzo yanapogeukia wachezaji waliokwenda kutafuta maisha ng'ambo. Wazee huitumia kama suto: zamani watu walicheza kwa mapenzi, siku hizi wanacheza kwa fedha.

Lakini hata hiyo zamani ilikuwa na watu wake. Sunday Manara, "Kompyuta" wa Yanga, anatambulika kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza soka la kulipwa Ulaya. Katika miaka ya 1970 alijiunga na Heracles ya Uholanzi, akavuka hadi New York, kisha akarudi Ulaya kuichezea St. Veit ya Austria. Wakati huo nyumbani tulikuwa ndani ya Ujamaa na mpira wetu ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji aliishi kwa kazi nyingine, kama alikuwa nayo, na jioni akaingia uwanjani. Je, aliyeondoka alitusaliti?

Mjomba wangu hakuondoka. Alicheza winga katika timu moja ya mjini hadi goti lilipomwisha. Mashabiki walimbeba mabegani siku za ushindi. Siku ya hospitali alibebwa na mama yangu, kwa teksi ya kukopa. Mapenzi yalikuwepo, sikatai, ila yalikuwa ya upande mmoja: yeye alitoa mwili, sisi tukatoa vigelegele. Mapenzi yanayomtaka mwenzako abaki maskini ili yaonekane safi, mimi nayaita umiliki.

Hata hivyo hoja ya wazee haiishii hapo. Hakuna anayejifundisha mpira peke yake. Kuna kiwanja ambacho hakuna aliyekilipia, viatu vya kuazima, jirani aliyempa mtoto ugali baada ya mazoezi. Deni lipo. Ninachobisha ni namna ya kulidai. Mtoto aliyelelewa vizuri halipi kwa kukaa mlangoni kwa wazazi wake maisha yote. Hulipa kwa kulea wengine. Mbwana Samatta alipokwenda Genk mwaka 2016, vijana wengi wa hapa walijua kwa mara ya kwanza kwamba njia hiyo inapitika. Kwangu hayo ni malipo.

Linalobaki ni deni letu sisi, ambalo barazani halizungumzwi. Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na Tanga bado tunajisifu kwa ubingwa ule kana kwamba tuliucheza wenyewe. Ni wangapi kati yetu wanajua wachezaji wale wanaishi wapi, au nani anawanunulia dawa? Methali haikusema mcheza kwao husifiwa. Ilisema hutuzwa, na tuzo ina mtoaji. Kabla ya kumuuliza kijana kwa nini anaondoka, tujiulize tumemtuza nini yule aliyebaki.