Aya Mlangoni mwa Kanisa Kuu

Kanisa kuu la Palermo, mji mkuu wa kisiwa cha Sisilia, lina kibaraza upande wa kusini, na nguzo ya kushoto ya kibaraza hicho imechongwa aya ya 54 ya Sura Al-A'raf, ile inayomtaja Mungu akiufunika mchana kwa usiku. Watalii hupiga picha watakatifu waliochongwa juu, kisha huingia ndani. Mimi niliyesomesha madrasa Unguja kabla ya kusomesha historia skuli, miguu iligoma pale pale.

"Baba, umechoka? Tukae?" aliniuliza mwanangu, aliyeolewa huko na ndiye aliyekuwa akinitembeza.

"Nasoma, mwanangu."

Nilichokuwa nikijiuliza ni hiki: aya iliyogeuzwa mhimili wa mlango wa kanisa, bado ni aya? Ina heshima yake ileile, au imekuwa pambo tu?

Inaaminika kuwa nguzo hiyo ilitoka katika msikiti uliokuwa mahali hapo hapo. Lakini tusikimbilie kulia. Waislamu walipouteka mji mwaka 831, walikuta kanisa wakaligeuza msikiti. Wanormani walipoingia mwaka 1072, wakaurudisha ukawa kanisa. Jengo la sasa lilianza mwaka 1185, wakati wa Askofu Mkuu Walter, na kila karne iliyofuata ikaongeza lake. Anayetaka kudai kiwanja pale ajue kwamba kuna aliyetangulia kudai.

Mwanangu ana jibu lake, ambalo ndilo jibu la mji mzima. Kwake nguzo ile ni ushahidi kwamba watu wa dini mbalimbali waliishi hapa kwa masikilizano. UNESCO nayo iliyaorodhesha majengo ya Kiarabu na Kinormani ya Palermo mwaka 2015, na kwa kweli ukiingia katika kanisa dogo la kasri la Mfalme Roger wa Pili, lililowekwa wakfu mwaka 1140, ni vigumu kubisha. Kuta zinang'aa kwa mozaiki za Kigiriki, Kristo yuko ndani ya kuba, na juu ya ukumbi kuna dari ya mbao iliyochongwa kwa ufundi wa Kiislamu, vishimo juu ya vishimo kama sega la nyuki, pamoja na maandishi ya Kufi yanayomtakia mfalme baraka na afya. Mwandiko huo nimekua nao: mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi kwetu ina Kufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, umri mkubwa kuliko dari ya Roger. (Dari ile ina pia walevi, wapiga ala na wacheza sataranji waliochorwa kwa rangi. Kizimkazi hawangethubutu.)

Ila mimi ni mwalimu wa historia, na tarehe zina ubishi wake. Shawwal ya mwaka 548 wa Hijria, Januari 1154, Al-Idrisi alikamilisha katika kasri hilohilo kitabu cha jiografia alichokuwa ameagizwa na Roger. Ndani yake imo Malindi, imo Mombasa, na chuma cha pwani yetu kimetajwa. Mwislamu ameandika dunia nzima kwa Kiarabu kwa ajili ya mfalme Mkristo. Masikilizano gani zaidi ya hayo?

Sasa rudi nyuma mwezi mmoja. Katika Ramadhani ya mwaka huohuo, Roger alimchoma moto Philip wa Mahdia, amiri wake wa majeshi ya baharini, aliyelelewa katika kasri. Philip alikuwa ametoka kumtekea mji wa Bona, Algeria ya leo. Kosa lake, kwa mujibu wa mwanahistoria Ibn al-Athir, ni kuwahurumia wanazuoni wa Bona. Akashtakiwa kuwa Mwislamu kwa siri.

Mfalme aliyekaa chini ya Kufi ndiye aliyewasha moto huo. Kiarabu hakikumuudhi: joho lake la mwaka 528 wa Hijria, lililoko Vienna leo, limedariziwa Kiarabu ukingoni. Kilichomuudhi ni mtu anayesujudu. Jiwe halisujudu, wala halina watoto wa kurithishwa dini, kwa hiyo ni rahisi kulivumilia. Baadaye Waislamu wa Palermo walishambuliwa mwaka 1161, na tena mwaka 1189. Mfalme Frederick wa Pili akawahamishia waliosalia kisiwani Lucera, Italia bara, na mwaka 1300 mji huo ukavunjwa na watu wake wakauzwa utumwani. Katika karne ya 10 msafiri Ibn Hawqal alikuwa ameandika kwamba Palermo ina misikiti zaidi ya mia tatu.

"Lakini Baba," mwanangu alishikilia, "mbona hawakuifuta? Patasi walikuwa nazo."

Hapo amenibana, na sina haja ya kujitetea. Huenda fundi hakujua kusoma. Huenda alijua na akaogopa. Aya yenyewe inamtaja Muumba wa mbingu na ardhi, jambo ambalo Mkristo apitaye pale anaweza kuitikia amina bila kuisaliti dini yake. Kwa hiyo ninavyoona, aya ni aya popote ilipo, na neno la Mungu halingoji ruhusa ya mwenye ukuta. Kuifanya shahada ya tabia njema ya waliouweka ukuta huo, hapana.

Ushahidi wa masikilizano upo Palermo, mwendo mfupi kutoka kanisa kuu. Kanisa la zamani la San Paolino, Wakatoliki wenyewe walilitoa mwishoni mwa karne ya 20 liwe msikiti, na Watunisia na wahamiaji wengine wanasali humo. Halikutekwa na mtu. Watalii ni wachache. Nawe msomaji ukijaaliwa kufika, kaisome nguzo, kisha nenda San Paolino. Na kama wakati wako unatosha sehemu moja tu, iache nguzo.