Mshabiki na Neno "Sisi"

Katika lugha yetu yapo maneno madogo yabebayo mzigo mkubwa, na mojawapo ni kiambishi "tu-" kisimamacho mbele ya kitenzi. Mkulima wa Matongo, wilayani Tarime, ambaye hajapata kuuona Uwanja wa Benjamin Mkapa ila katika televisheni ya kibandani, huamka asubuhi baada ya mchezo akasema, "Jana tumeshinda." Hakucheza, hakufundisha, na huenda hata kiingilio hakulipa. Walakini hakuna amchekaye, kwa kuwa wote wamsikiao husema vivyo hivyo. Swali tunalotaka kulichungua hapa ni hili: mtu ana haki gani ya kusema "tumeshinda" kwa kazi iliyofanywa na miguu ya wengine? Na kama haki hiyo anayo, inamdai nini?

Wako wajibuo kwa mkato kwamba hana haki yoyote. Husema kuwa timu ni mali ya wenye timu, na wachezaji ni watu wa mkataba, leo wako huku na kesho wako kule, na wengi wao wametoka nchi nyingine. Mshabiki, kwa maoni yao, ni mtu aliyeazima furaha asiyoifanyia kazi. Hoja hii ina nguvu, lakini tukiikubali yote itatufikisha tusikokusudia. Mwanafunzi aliyezaliwa juzi husema, "Tulipata uhuru mwaka 1961," wala mwalimu wake hamsahihishi. Mwanafunzi huyo hakuhudhuria mkutano hata mmoja wa TANU. Asemapo "tulipata" hadai kwamba alitenda. Anakiri kwamba amerithi. Na mrithi hachagui: hupokea shamba pamoja na madeni yake. Kwa hiyo neno "sisi" si dai la kutenda tu. Laweza pia kuwa ahadi ya kushiriki, katika neema na katika hasara.

Hapo ndipo mshabiki anapopimwa. Hebu tusikilize mazungumzo ya kijiweni. Timu ikipata ushindi, twasikia "tumeshinda". Ikipoteza, mtu yule yule husema "wamefungwa", na huongeza kwamba kocha hafai, mlinda mlango hafai na viongozi ni wezi. Katika usiku mmoja "tu-" imegeuka kuwa "wa-". Huyu amekula karamu na mwenzake, na siku ya matanga ameaga kwamba ana safari. Twasema basi kwamba haki ya kutamka "tumeshinda" hununuliwa kwa bei moja tu, nayo ni kuwa tayari kutamka "tumeshindwa" kwa sauti ile ile.

Bei hiyo hudaiwa zaidi katika michezo ya mchujo na ya fainali, kwa kuwa huko hakuna wiki ijayo ya kulipiza. Ligi Kuu yetu ya timu 16 humpa kila mmoja michezo 30, yaani dakika 2,700 za kujipima. Timu mbili za mwisho hushuka moja kwa moja. Lakini zilizoshika nafasi ya 13 na ya 14 hukutana katika mchujo, na ishindwayo hapo hukutana tena na timu inayopanda kutoka ligi ya chini, mara mbili, nyumbani na ugenini. Kazi ya mwaka mzima huamuliwa kwa dakika 180. Sisi wa mkoa wa Mara twaufahamu uchungu wa jambo hili. Biashara United ya Musoma, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2018, ilifika mwaka 2021 hadi kuifunga Al Ahli ya Tripoli magoli 2 kwa 0 katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Kisha haikuweza kusafiri kwenda Libya kwa mchezo wa marudiano, ikatolewa pasipo kuguswa mpira. Mwaka 2022 ilishuka. Mwaka 2024 ilifikia mlango wa kurudi, ikakutana na Tabora United katika mchujo, na mlango ukafungwa: Tabora ilibaki juu, Biashara ikabaki chini.

Je, huo ni uonevu? Wengi husema ndiyo. Sisi twadhani inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Iko haki ya kustahili, na iko haki ya kanuni. Haki ya kustahili huuliza nani amefanya kazi zaidi. Haki ya kanuni huuliza kama wote walijua sharti kabla ya kuanza, na kama sharti hilo liliwahusu wote kwa usawa. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaifahamu tofauti hii: miaka minne ya kusoma hupimwa kwa siku chache za mtihani, na huenda aliyefanya bidii zaidi akaugua siku hiyo. Twaweza kusikitika kwamba amepata chini ya alichostahili, lakini hatuwezi kusema ameibiwa. Wizi ungekuwapo kama mwenzake angeuona mtihani mapema.

Mfano ulio wazi zaidi ni fainali ya Kombe la Shirikisho ya mwaka 2023. Tarehe 28 Mei, Dar es Salaam, Yanga ilifungwa na USM Alger ya Algeria magoli 2 kwa 1. Tarehe 3 Juni, mjini Algiers, Yanga ilishinda goli 1 kwa 0. Jumla ikawa 2 kwa 2, na kombe likaenda Algeria kwa kanuni ya goli la ugenini. Timu ile ilikwenda kwa wenyewe, ikashinda mchezo wa mwisho, na ikarudi bila kombe. Mpenzi wa Yanga alikuwa na kila sababu ya kulia. Hakuwa na sababu ya kusema "tumeibiwa", maana kanuni ilikuwapo tangu mwanzo, nayo ingeliweza kumfaa yeye. Kulia pasipo kumtafuta adui wa kumbebesha machozi ni elimu ngumu, na hata watu wazima wengi hawajafuzu.

Simba nayo imepita njia hiyo. Mwaka 1993 ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ya 0 kwa 0 ugenini na Stella ya Abidjan, kisha ikafungwa magoli 2 kwa 0 mbele ya watu wake Dar es Salaam. Mwaka 2025 ilirudi fainali, safari hii ya Kombe la Shirikisho. Ilifungwa magoli 2 kwa 0 na RS Berkane huko Morocco, na marudiano katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar, yakaisha 1 kwa 1. Fainali tatu, na kombe halijaja. Na bado mpenzi wa Simba na mpenzi wa Yanga wapo, nao huwafundisha watoto wao rangi za timu kabla ya kuwafundisha hesabu. Hili lathibitisha kwamba ushindi sio unaomfunga mtu na timu yake. Kama ungekuwa ndio, kamba hiyo ingalikatika zamani.

Yatupasa sasa kuutazama upande wenye giza, maana neno "sisi" lina makali mawili. Watu wa Tarime hawana haja ya kuelezwa hivyo. Koo za Wakuria zimeishi kwa heshima kubwa ya ukoo na rika, na kwa baraza lake la iritongo, ambamo mambo ya jamii huamuliwa mbele ya watu. Lakini "sisi" hiyo hiyo ya ukoo, ilipogusa mifugo na mipaka ya mashamba, imepata kumwaga damu, kiasi kwamba Serikali iliunda Kanda Maalum ya Kipolisi ya Tarime na Rorya. Mtu aweza kusema: kwa kuwa "sisi" huleta mapigano, heri tuwe na "mimi" peke yake. Shauri hilo halifai. Aliye na "mimi" tu hana wa kumzika. Dawa ya "sisi" mbaya ni "sisi" njema, na kandanda laweza kuwa mojawapo ya mahali pa kujifunzia. Kibandani, Mwiregi na Mnyabasi hukaa benchi moja wakiwa wote ni Simba, na ndugu wawili wa tumbo moja hukaa mabenchi mbalimbali. Mpaka wa timu hukata mpaka wa ukoo, na mtu hugundua kwamba anaweza kuwa wa watu zaidi ya wamoja.

Hata hivyo mpira wenyewe waweza kugeuka ukoo mwingine wa kupigana. Timu yetu moja ikicheza na wageni, wako wapenzi wa timu ya pili ambao huwapokea wageni hao kwa shangwe na kuvaa jezi zao. Wajitetea kwamba huo ni utani wa jadi. Neno hilo latupa kipimo kizuri. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani alikuwa na ruhusa ya kumdhihaki mwenzake hata msibani, kumwibia kitoweo na kumwita kwa majina ya ajabu. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyeshika jembe la kaburi na kubeba maji, na watu wa msiba walimtazamia afike. Dhihaka ilikuwa nusu ya utani. Huduma ilikuwa nusu ya pili. Wapenzi wetu wa mpira wameirithi nusu ya kwanza wakaisahau ya pili. Siku ile ya tarehe 28 Mei 2023 watu walisongamana milangoni mwa Uwanja wa Mkapa, mmoja akafariki na wengine wakajeruhiwa. Mbele ya msiba wa namna hiyo, mtani wa kweli huacha mzaha akauliza yuko wapi mgonjwa.

Kuna hatari nyingine, nayo ni mpya zaidi. Siku hizi vijana wengi hutazama mpira huku wameshika simu, wamecheza kile wanachokiita mkeka, yaani kamari ya kubashiri matokeo. Mtu huyu naye husema "tumeshinda", lakini "sisi" yake ina umri wa dakika 90. Leo yuko na timu ya Hispania asiyoweza kutaja mchezaji wake hata mmoja, kesho yuko na mpinzani wake. Hawezi kufungwa pamoja na mtu, kwa sababu anachopoteza ni fedha yake tu, naye huipoteza akiwa peke yake kati ya umati. Mwenye mapenzi na timu hupoteza pamoja na wengine, na kwa hiyo hupata wa kumfariji. Wazazi na walimu waionapo kamari hulalamikia fedha, nao wana haki. Lakini pamoja na fedha huondoka ule uwezo wa kusimama na watu wako katika hasara.

Kubwa kuliko "sisi" ya timu ni "sisi" ya taifa. Mwaka 1979, nchi ikiwa imetoka tu katika vita vya Kagera, goli la Peter Tino kule Ndola liliipa Taifa Stars sare na Zambia na tiketi ya fainali za Afrika za mwaka 1980 mjini Lagos. Kisha tukangoja hadi tarehe 24 Machi 2019, tulipoifunga Uganda magoli 3 kwa 0, ndipo tukaenda tena. Watu walizaliwa, wakaoa, wakapata watoto, na katika miaka hiyo yote waliendelea kusema "timu yetu". Siku ile ya mwaka 2019 wa Simba na wa Yanga walikumbatiana, wala hakuna aliyeulizwa katoka koo gani.

Tukirudi kwenye swali letu, jibu twaliona hivi. Mshabiki anayo haki ya kusema "tumeshinda", mradi atimize masharti matatu: asibadili kiambishi siku ya kushindwa, aikubali kanuni aliyoijua kabla, hata inapomwumiza, na amtendee mpinzani kama mtani, dhihaka na huduma pamoja. Masharti haya hayafundishwi kwa hotuba. Mwalimu wa michezo atakayetaka kujua kama wanafunzi wake wameyashika asiwatazame siku ya kombe, maana siku hiyo kila mtu ni mwema. Awasikilize asubuhi ya baada ya kufungwa, na atazame nani amekwenda kumsaidia yule aliyekosa penalti kukunja nyavu.