Njaa Siyo Mfungo

 

Tangu tangazo la mfungo liliposomwa kanisani maswali yamekuja mengi, na mengi yametoka kwa akina mama, maana wao ndio wanaojua kilichobaki ndani ya mfuko. Swali moja limerudi kila mahali: Je, mkimbizi naye aambiwe kufunga? Mwisho wa mwezi ukifika mahindi yamekwisha, watoto wanakula mara moja kwa siku, na baba na mama siku nyingine hawali kabisa. Mtu wa namna hiyo afunge nini tena? Wengine wamesema kwa uchungu kwamba sisi tumekuwa katika mfungo tangu siku ile tuliyovuka mpaka.

Swali hilo ni la haki, wala hatutaki kulijibu kwa maneno mepesi. Sisi sote hapa Nakivale tunakumbuka jinsi mgao ulivyoshuka. Mwaka 2020 ulipunguzwa ukawa asilimia 70 ya kiasi cha kawaida, mwaka 2021 ukawa asilimia 60, na mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji wao, na kundi moja likaondolewa kabisa. Tunawaandikia watu wanaojua maana ya kulala bila kula, na tunaandika sisi wenyewe tukiwa miongoni mwao.

Kwa hiyo tuanze na neno moja lililo wazi. Njaa siyo mfungo. Mtume Paulo alipowahesabia Wakorintho mateso yake (2 Wakorintho 11:27), alitaja njaa na kiu, kisha katika mstari uleule akataja kufunga mara nyingi. Ameviweka mbalimbali. Njaa ilimpata njiani, gerezani na baharini, bila yeye kuitaka. Kufunga alikuchagua mwenyewe. Mtu aliyeporwa mbuzi hawezi kusema amemtoa sadaka, na sisi hatuwezi kumpelekea Mungu chakula tulichokosa kana kwamba tumempa. Njaa tunamlilia atuondolee, na tunawaambia wakubwa wa dunia hii pia, kwa sauti na bila aibu. Mhubiri akikwambia kwamba njaa ya watoto wako ni baraka ya kiroho, usimsikilize.

Basi, mfungo ni nini kwa mtu mwenye kidogo?

Tufungue Isaya 58. Watu wa Yuda walikuwa wanafunga, wanainamisha vichwa, wanalala juu ya majivu, halafu wanauliza kwa nini Mungu haoni. Naye akawajibu kwamba siku ileile ya kufunga kwao walikuwa wanawaonea wafanyakazi wao, wanagombana, wanapigana ngumi. Kisha akawaeleza mfungo anaoupenda: kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula, kumwingiza nyumbani maskini aliyetupwa nje, kumvika aliye uchi.

Sisi tuliokimbia tukisoma mlango huo, kwa haraka tunajiona ndani yake. Tunasema, maskini huyo asiye na kwao ni sisi. Ni kweli. Lakini neno lenyewe halikuelekezwa kwake. Limeelekezwa kwa mtu mwenye mkate, ambaye anaweza kuukata vipande viwili. Na ndani ya makazi haya, katika mstari wa nyumba kumi, daima yupo mwenye maharage kidogo na yupo asiye na kitu. Yupo aliyepata kibarua cha kulima kwa wenyeji juma hili, na yupo bibi anayelea wajukuu watatu ambaye hawezi kushika jembe. Yupo aliyefika jana kutoka Masisi au Rutshuru, bado ana vumbi la njia. Mbele ya huyo, wewe uliyekaa hapa miaka kumi, mwenye mihogo nyuma ya nyumba na sombe ya kuchuma, wewe ndiye mwenye mkate.

Jambo hili si fundisho jipya. Katika karne ya 2 Mkristo mmoja wa Athene, jina lake Aristide, alimwandikia Kaisari wa Roma kumweleza Wakristo ni watu wa namna gani. Miongoni mwa mambo aliyoyataja ni hili: akiwapo maskini kati yao, nao hawana chakula cha ziada, wanafunga siku mbili au tatu ili wapate cha kumpa. Tunaomba msomaji asimame kidogo hapo. Hao hawakuwa matajiri wanaopunguza unene. Walikuwa watu wasio na akiba, na sehemu ya pekee waliyoweza kupata chakula cha mwenzao ilikuwa sahani yao wenyewe. Katika karne hiyohiyo kitabu cha Herma, kilichoandikwa Roma, kinamfundisha anayefunga ale mkate na maji tu, apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula siku hiyo, na kiasi hicho ampe mjane, yatima au mhitaji. Kwa hiyo wazee wetu wa imani walijua kabisa chakula kilichoachwa kinakwenda nyumba gani.

Tunapenda kusema kwamba hapa ndipo mifungo mingi ya siku hizi inapopotea. Mtu anaacha kula mchana, halafu jioni anakula cha mchana na cha jioni pamoja. Chakula hakikutoka nyumbani mwake. Amekisogeza saa tu.

Liko jambo la pili, nalo ni zito kwetu. Wengi wanafunga kwa ajili ya safari ya kwenda nchi ya tatu. Mahojiano yakikaribia, nyumba nzima inaingia katika maombi. Hatuwakatazi, maana Biblia yenyewe ina mfungo wa safari. Ezra alipokuwa anawaongoza watu kutoka Babeli, aliwakusanya kando ya mto Ahava, akatangaza mfungo, wamwombe Mungu njia salama kwa ajili yao, watoto wao na mali zao (Ezra 8:21-23). Njiani walikuwapo maadui, naye aliona haya kumwomba mfalme askari. Nani kati yetu hajui maombi hayo ya njiani, mtoto mgongoni na mzigo kichwani? Lakini angalieni namna walivyoomba. Walijinyenyekeza, wakauweka msafara wote mikononi mwa Mungu, wala hakuna aliyefunga ili ampite mwenzake kwenye foleni. Mfungo siyo rushwa. Ofisi inaweza kuchelewesha faili miaka saba, na jirani asiyefunga hata siku moja akaitwa kabla yako, na Mungu asiwe amekukataa. Wako watu wazuri waliofunga siku 21 na jibu likaja la hapana, wakaacha kanisa kwa aibu, wakidhani kwamba walihesabu siku vibaya. Hao tunawaita warudi.

Sasa tuseme juu ya mifungo ya kulazimishwa. Katika 1 Samweli 14, Mfalme Sauli aliwaapiza askari wake wasionje chakula mpaka jioni, nao walikuwa wanapigana. Watu wakazimia kwa uchovu. Yonathani, ambaye hakusikia kiapo kile, alichovya fimbo katika asali, akala, macho yake yakatiwa nuru, akasema wazi kwamba baba yake ameitaabisha nchi. Jioni watu wale wenye njaa waliyarukia mateka, wakala nyama pamoja na damu, wakakosa dhidi ya Torati. Kiapo cha kiongozi kiliwaingiza watu katika dhambi ambayo wasingeifanya kama wangekula mchana. Mchungaji anayetangaza mfungo juu ya watu wanaolima tangu alfajiri aisome habari hiyo mara mbili.

Na siku zetu tumeona mabaya zaidi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wengi walikuwa watoto. Walianza kama sisi, kwa kuimba na kuomba. Kwa hiyo tunasema bila kuficha: asiwepo mtu katika kanisa letu atakayeweka kufunga kavu, bila maji, kuwa sheria kwa wengine, hata akitaja siku tatu za Esta. Esta aliomba jambo lile mara moja, watu wake wakiwa wamepangiwa siku ya kuuawa. Haikuwa desturi ya kila mwezi.

Watoto wasifunge. Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha wasifunge chakula. Vilevile anayekunywa dawa za kifua kikuu au za ukimwi, mwenye ugonjwa wa sukari, mwenye vidonda vya tumbo, mzee aliyedhoofika, na yule ambaye kliniki imemwandikia chakula cha kurudisha nguvu. Mtu asiache dawa zake hata siku moja kwa ajili ya mfungo. Hawa wanaweza kufunga kama Danieli, aliyejizuia majuma matatu asile chakula kitamu, nyama wala divai (Danieli 10:3). Waache sukari katika chai, kama sukari ipo. Wengine waache redio jioni na wakae na watoto, wawasimulie habari za kwao. Na wale walioacha kusalimiana kwa sababu ya kabila, nao wapo kati yetu, na tunawajua kwa sura, waanze na mfungo huo kabla ya kugusa habari ya chakula.

Jirani zetu Waethiopia na Waeritrea wa Kanisa la Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, hawali nyama, maziwa wala mayai. Siku hizo mbili ni za zamani sana. Zimetajwa katika Didake, moja ya maandiko ya kwanza ya Kanisa baada ya Mitume. Sisi tumechagua Ijumaa peke yake, mpaka Pasaka. Atakayeweza ataanza saa 12 asubuhi hadi saa 10 jioni. Maji anywe. Tumesema saa 10 ili mama asipike gizani, na ili anayetoka shambani apate nguvu ya kufika kwenye maombi.

Bwana Yesu alisema tufunge kwa siri, tunawe uso na kujipaka mafuta (Mathayo 6:16-18). Hapa kwetu siri ni ngumu, nyumba zimebanana, na moshi usipoonekana jikoni jirani anajua. Tunashauri hivi: siku ya Ijumaa moto uwashwe kama kawaida, na chakula cha mchana kipikwe, lakini kipelekwe kwa mwingine. Atakayeona moshi hatajua lolote.

Asiyeweza kupika apime kopo moja la unga au maharage, kile ambacho kingeliwa mchana, akilete Ijumaa jioni. Ndoo mbili zitakuwa nyuma ya kanisa, karibu na mlango wa akina mama. Hakuna atakayeandika majina, na asiye na cha kuleta aingie tu kuomba. Mama watatu waliochaguliwa wataipeleka usiku uleule, kwanza kwa waliofika karibuni ambao bado hawajaandikishwa, kisha kwa wazee wanaoishi peke yao, wawe wa kanisa letu au la, wawe Wasomali wa ng'ambo ya barabara. Ikitokea nyumba iliyoleta kopo Ijumaa hii ikawa haina kitu Ijumaa ijayo, mama hao waambiwe kwa siri, na ndoo itakwenda huko.